Mto Ulanga wa Riwaya na Mto Rufiji wa Historia: The African Queen Ikisomwa kutoka Deltani

Msomaji wa Rufiji anayeifungua riwaya ya The African Queen ya C. S. Forester, iliyochapishwa mwaka 1935, hukutana mapema na jina asilolitarajia. Mto ambao Rose Sayer, mmishonari wa Kiingereza, na Charlie Allnutt, fundi mitambo, wanauteremka kwa boti kuukuu unaitwa Ulanga. Jina hilo halikubuniwa. Ulanga ni mto halisi wa Tanzania, ambao ramani nyingi huuita pia Kilombero. Hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji huanza. Baadaye mto hupokea maji ya Ruaha Mkuu, hupita Utete, kisha hutawanyika katika mikono mingi ya delta mkabala na kisiwa cha Mafia. Sehemu kubwa ya delta hiyo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika muongo wa 2010. Kwa hiyo maji ya Ulanga huishia miongoni mwa vijiji kama Salale, Mbuchi na Msala, na kuingia Bahari ya Hindi. Katika riwaya hayafiki huko. Mto wa Forester hubadili jina njiani, ukaingia katika ziwa la bara ambalo ni la kubuni, ingawa nafasi yake katika kisa ni ile ya Ziwa Tanganyika.

Kugeuzwa huku kwa mto ndiko kunakochunguzwa katika mhadhara huu. Jambo lenyewe linaweza kuonekana dogo, maana mtunzi wa riwaya ana haki ya kuuelekeza mto apendako. Hata hivyo, pale mto unapopelekwa upande mwingine, watu wake hupelekwa nao, au huachwa ukingoni. The African Queen ni miongoni mwa visa vya mapenzi vilivyopendwa sana duniani katika karne ya 20, kwanza kama riwaya na kisha kama filamu ya mwaka 1951. Swali linalomkabili mwanafunzi wa Kiswahili si kama aifurahie au aikatae. Swali ni nini anachokisikia, na nini asichokisikia, anapoifurahia.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulika. Mwaka 1914 vita vinazuka, na majeshi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki yanakichukua kijiji anachohubiri kaka yake Rose, Mchungaji Samuel. Watu wanaondolewa, Samuel anafariki, na Rose anabaki peke yake hadi Charlie anapofika na boti yake. Rose, mwanamke aliyezoea kupiga kinanda cha kanisa na kumtii kaka yake, ndiye anayetoa wazo la ajabu: wateremke mtoni, wapite chini ya ngome ya Wajerumani na maporomoko, na wakaizamishe manowari inayolitawala ziwa kwa baruti na mitungi watakayoigeuza kuwa makombora. Charlie anakubali mwanzoni, kisha anakataa. Rose anamwaga chupa zake zote za jini mtoni. Hapo ndipo mapenzi yanapoanza, japo wenyewe hawajajua.

Ubora wa riwaya hii, na ni riwaya bora, umo katika namna mapenzi hayo yanavyojengwa kwa kazi. Wapenzi hawa hawana mashairi, wala hawana barua. Wana tanuri la boti linalohitaji kuni, bomba linaloziba, na usukani ambao Rose anajifunza kuushika mpaka unakuwa sehemu ya mwili wake. Rafadha inapovunjika na mhimili wake kupinda, wanavuta boti ukingoni, wanawasha moto mkubwa, na fundi huyu asiyejiamini ananyoosha chuma na kuunga rafadha kwa sababu mwanamke aliye kando yake haoni kwa nini isiwezekane. Ni nadra fasihi ya mapenzi kuitazama kazi ya mikono kwa makini kiasi hicho. Forester, ambaye baadaye alipata sifa kwa riwaya zake za mabaharia, aliijua lugha ya vyombo, na anawaacha wahusika wake wapendane kwa lugha hiyo.

Filamu iliyoongozwa na John Huston, kwa muswada ambao Huston aliuandika pamoja na James Agee, inaihifadhi sehemu hii vizuri. Katharine Hepburn na Humphrey Bogart si vijana, na kamera haijaribu kuwafanya vijana. Bogart alipata kwa filamu hii tuzo yake pekee ya Oscar. Pale filamu inapoachana na riwaya ni mwishoni, na tofauti hiyo inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Katika riwaya, boti inazama kwa dhoruba kabla ya kufanya lolote. Wapenzi wanakamatwa, Wajerumani wanawakabidhi kwa Waingereza chini ya bendera nyeupe, na manowari inazamishwa na maboti ya kijeshi ambayo hayakuwahitaji. Msimulizi anawaachia njia ya kwenda kuoana, lakini anakataa kuahidi kwamba watakuwa na furaha. Katika filamu, kapteni wa Kijerumani anawafungisha ndoa wakiwa na vitanzi shingoni, na dakika hiyo hiyo manowari inajigonga kwenye mabaki ya boti yao na kulipuka. Watazamaji wengi huupenda mwisho wa filamu, na si vigumu kuona kwa nini, kwani umeundwa kwa ucheshi na kwa wakati wake hasa. Lakini mwisho wa riwaya una ukweli ambao filamu haikuuthubutu: vita havikujali kama watu hawa wawili walipendana au la, na juhudi zao zote hazikuvibadili.

Turudi kwenye majina. Ulanga wa riwaya, baada ya maporomoko, unaitwa Bora. Kwa sikio la Kiswahili jina hili halikosi kuchekesha kidogo, maana mto mzima umepewa kivumishi. Ngome ya Wajerumani inaitwa Shona, jina ambalo msomaji wa Afrika Mashariki analifahamu kama la watu na lugha ya Zimbabwe. Ulanga umetoka Tanzania, Shona imetoka kusini ya Zambezi, na Bora imetoka popote neno hilo liliposikika. Mwanaisimu hawezi kumlaumu mtunzi kwa kukusanya majina hivi, kwa kuwa alihitaji sauti za Kiafrika na si ramani. Lakini ni vema ikumbukwe kwamba jina la mahali ni tamko la wakaao mahali hapo. Linapokopwa bila watu wake, hubaki mlio tu.

Mlio ndio hasa unaofungua filamu. Watazamaji wanaikumbuka onyesho la kwanza: kanisa la nyasi, Rose akikanyaga kinanda, Samuel akiimba wimbo wa Kiingereza kwa sauti ya juu, na waumini wa kijiji wakitoa kelele zisizo na maneno wala tuni. Onyesho hilo limetungwa lichekeshe, na linachekesha. Lakini kihistoria halisimami hata kidogo. Katika koloni la Wajerumani mwaka 1914, mmishonari wa Kiingereza aliyewaimbisha waumini wake Kiingereza angekuwa kioja kwa wamishonari wenzake. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikuwa imekwisha kuchapishwa mwaka 1891, kazi iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere na wenzake wa UMCA. Shule za serikali ya Kijerumani zilifundisha kwa Kiswahili, maakida na makarani waliandikiana kwa Kiswahili, na gazeti la Kiongozi lilikuwa likitolewa Tanga tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Pale ambapo Kiswahili hakikutumika kanisani, ilitumika lugha ya wenyeji. Waumini wa Samuel wangekuwa wameimba maneno waliyoyaelewa, na pengine kwa sauti nzuri kuliko ya mchungaji wao. Inashangaza zaidi kwamba filamu hii ilipigwa Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na sehemu nyingine, na katika Kongo ya Wabelgiji kwenye mto Ruiki, katika eneo la Kongo ya Juu ambako Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo, kilikuwa tayari lugha ya mawasiliano. Kiswahili kilikuwapo nyuma ya kamera. Mbele ya kamera hakikusikika kama lugha ya watu wenye la kusema.

Ukimya huo una uzito zaidi ukikumbuka kilichotokea katika bonde la mto wenyewe miaka tisa kabla ya kisa kuanza. Mwaka 1905, kutoka Ngarambe, maneno ya Kinjikitile Ngwale yalisafiri kutoka kabila hadi kabila, na hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, pembezoni mwa delta, tarehe 4 Agosti 1905. Maji aliyoyagawa, kwa mujibu wa imani ya wafuasi wake, yalikuwa na nguvu ya kuigeuza risasi. Mto wa Forester hauna kumbukumbu yoyote ya maji hayo. Wanakijiji wake wanachukuliwa na majeshi katika kurasa za mwanzo na hawarudi tena. Tangu hapo mto ni wa watu wawili.

Wakati huohuo, katika delta halisi, vita vya baharini vilikuwa vinaandikwa kwa Kiswahili, ingawa kwa maneno machache sana. Meli ya kivita ya Kijerumani SMS Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Ilikuwa na mabomba matatu ya moshi, na wenyeji wa pwani wakaiita Manowari na bomba tatu. Jina hili limehifadhiwa zaidi katika maandishi ya wageni, na huenda masikio yao yaliyalegeza maneno. Mhariri wa leo angelisahihisha liwe manowari yenye mabomba matatu. Hata hivyo, kama lilivyo, linastahili kuchunguzwa. Manowari ni neno lililotoka Kiingereza, bomba limetoka Kireno, na tatu ni la Kibantu. Karne nne za wageni wa baharini zimo katika maneno manne, na wenyeji wameyaunganisha kwa kiunganishi cha kawaida kabisa, na. Jina hilo halina woga wala heshima kwa meli. Linaitambulisha kwa kile ambacho mtu aliye ufukweni anakiona kwanza, kama mvuvi anavyolitambua jahazi kwa tanga lake. Hakuna sehemu ya The African Queen ambapo mwenyeji anaipa manowari ya Wajerumani jina lake mwenyewe.

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikarudi kujificha Rufiji. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuipima delta kabla ya vita, na Waingereza hawakuwa na ramani za kutegemewa. Meli iliingia kwa mlango wa Simba Uranga, ikapanda hadi karibu na Salale, ikafunikwa matawi. HMS Chatham iliigundua tarehe 30 Oktoba. Mapema Novemba Waingereza waliizamisha meli ya makaa, Newbridge, ili kuuziba mlango. Mfungo huo uliendelea hadi Julai 1915, walipoletwa Severn na Mersey, vyombo visivyohitaji kina kirefu cha maji, huku ndege zikiruka kutoka Mafia, iliyokuwa imetekwa mwezi Januari, kuwaelekeza wapiga mizinga. Shambulio la tarehe 6 Julai halikutosha. La tarehe 11 lilitosha, na Kapteni Max Looff akaamuru meli yake izamishwe.

Historia za kijeshi zinayasimulia haya kwa undani unaochosha. Zinapita haraka, kinyume chake, juu ya jambo linalohusu lugha na watu. Meli iliyojificha ilihitaji kuni, chakula, na wapiga makasia wanaojua kupwa na kujaa. Msitu ulioificha ni sehemu ya mikoko ipatayo hekta 53,000, mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Wageni waliuona kama ukuta mmoja wa kijani, lakini wenyeji waliutofautisha: mkoko, mkandaa, mchu, msinzi, mkomafi, mlilana, kila mmoja na matumizi yake, wa boriti, wa ngalawa, wa kuni, wa gome la kutia rangi ngozi. Mitambo ya meli ilipoharibika, sehemu zake zilivutwa na watu nchi kavu hadi Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 100, zikatengenezwa na kuvutwa tena hadi deltani. Mizinga yake kumi, baada ya meli kuzama, ilitolewa majini, ikawekewa magurudumu na kukokotwa katika nchi nzima kwa kamba, mamia ya watu kwa mzinga mmoja. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, upande wa Waingereza pekee, wanakadiriwa kukaribia au kuzidi 100,000. Kata ya Kariakoo jijini Dar es Salaam inalibeba jina la kikosi chao, likiwa limetamkwa Kiswahili hadi likapoteza sura ya Kiingereza.

Hapa ndipo Rufiji na riwaya vinapokutana kweli. Mmoja wa mizinga hiyo ulisafirishwa kwa reli hadi Kigoma na kufungwa juu ya Graf von Götzen, meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikaletwa kwa bahari na reli, na kuelea katika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1915. Dhidi ya meli za Wajerumani ziwani humo, Waingereza walileta kwa nchi kavu maboti mawili, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Kwa muda mrefu wasomaji wamekiona kisa hicho kuwa chimbuko la manowari ya Forester na ya maboti yanayoizamisha. Katika historia Götzen haikuzamishwa na maboti wala na wapenzi. Wajerumani wenyewe waliizamisha Kigoma mwezi Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikawabeba abiria kwa miongo mingi kwa jina la Liemba. Hivyo basi mzinga uliotoka Salale ulifika katika ziwa ambalo Ulanga wa riwaya unaingia. Mto wa Forester haukuweza kufanya safari hiyo. Mzinga uliifanya, juu ya migongo ya watu na reli.

Ipo riwaya nyingine ya Kiingereza iliyokiweka kisa chake Rufiji waziwazi, nayo ni Shout at the Devil ya Wilbur Smith ya mwaka 1968, iliyofanyiwa filamu mwaka 1976 na Peter Hunt, ikiwa na Lee Marvin na Roger Moore. Meli yake inaitwa Blücher, lakini ni Königsberg kwa kila hali. Ina mapenzi pia, ingawa yamefungwa ndani ya ujangili wa pembe na visasi. Haikupigwa deltani bali Afrika Kusini na Malta. Kuwa na jina sahihi la mto hakukuisaidia kuwa karibu zaidi na watu wa mto. Forester, aliyekosea ramani, aliandika kitabu bora.

Ulinganisho wenye manufaa zaidi uko kwingine. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, nayo ni riwaya ya mapenzi katika wakati wa ukoloni. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anakimbia na kumpenda Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar. Filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021 na inazungumza Kiswahili. Pale mapenzi na siasa haviwezi kutenganishwa, kwa sababu majirani, askari na mashoga wa Yasmin wote wana ndimi. Rose na Charlie wanaweza kuwa peke yao mtoni kwa kuwa kila mtu mwingine amenyamazishwa. Faragha yao, ambayo ndiyo utamu wa kitabu, imenunuliwa kwa kijiji kilichotoweka. Hilo halipunguzi utamu. Linaonyesha tu bei yake, na msomaji aliyesoma Vuta N'kuvute kwanza huiona bei hiyo mapema.

Mfano wa tafsiri unalifafanua suala hili kuliko nadharia. Mfasiri atakayeitia The African Queen katika Kiswahili atasumbuliwa kwanza na Kiingereza cha mitaani cha Charlie, dhidi ya Kiingereza cha kanisani cha Rose. Huenda akampa Charlie Kiswahili cha bandarini, na Rose Kiswahili cha Biblia ya Unguja, na chaguo hilo lingefaa kuliko inavyodhaniwa. Kisha atafika kwenye boti. Atahitaji maneno ya tanuri na mvuke, ya kina kinachopungua ghafla, ya mkondo unaopiga ubavuni, ya fungu la mchanga na matope ya kupwa, ya kuvuta chombo kwa kamba katikati ya matete. Kamusi itamfikisha njiani tu. Mengine atalazimika kuyaomba kwa manahodha wa Nyamisati na kwa wapiga makasia wa Mbuchi, ambao huyatumia bila kufikiri. Wataanza pengine kwa kumuuliza mto wenyewe ni upi, na akijibu Ulanga watamwambia unakoishia. Na kitabu kitakapokamilika, Rose na Charlie watafarijiana, watagombana na kuambiana siri zao, ukurasa kwa ukurasa, kwa lugha ya wale walioondolewa kijijini kabla boti haijang'oa nanga.